Kufufua na kuboresha gramafoni ya zamani: mwongozo kamili kwa fundi wa nyumbani

Gramafoni ina kazi mbili tu: kuzungusha santuri kwa mwendo usioyumba, na kushika sindano mahali pake huku ikiiacha huru kufuata mfereji. Mikunjo ya mfereji ni midogo mno. Chembe ya vumbi ni jabali mbele ya sindano. Kwa hiyo mtikisiko wowote wa mota, wa beringi au wa mkono huishia kwenye sindano, hukuzwa pamoja na muziki, na kutoka kwenye spika.

Ninaanza na hilo kwa sababu wengi wanaopata gramafoni ya zamani hukimbilia kununua katriji mpya, yaani kile kichwa kidogo cha mbele ya mkono kinachobeba sindano. Gramafoni yangu ya kwanza niliifanyia hivyo. Katriji ilikuwa nzuri kweli, na kazi yake ya kwanza ikawa kunisikilizisha ngurumo ya beringi iliyokauka. Fufua kwanza, boresha baadaye. Na ukianza kuboresha, badilisha kitu kimoja, sikiliza siku mbili tatu, ndipo uguse kingine.

Ijue mashine yako

Gramafoni za zamani ziko za aina tatu kwa jinsi mota inavyozungusha sinia, yaani ile sahani nzito inayobeba santuri.

Ya kwanza ni ya mkanda. Mota iko pembeni, na mkanda wa mpira unapeleka mzunguko kwenye sinia. Acoustic Research XA ya Edgar Villchur, iliyotoka mwaka 1961, iliweka sinia na mkono kwenye fremu moja inayoelea juu ya springi tatu, na wazo hilo likaendelezwa na Thorens TD 150, TD 160 na Linn Sondek LP12. Ya pili ni ya gurudumu: gurudumu la mpira linabanwa kati ya puli ya mota na sinia. Humo wamo Garrard 301 ya mwaka 1954, Garrard 401, Lenco L75 na Dual nyingi za zamani. Ya tatu ni ile ambayo mota yenyewe ndiyo mhimili wa sinia. Technics walianza nayo kwa SP-10 mwaka 1970, wakafuatisha SL-1200 mwaka 1972, na SL-1200MK2 mwaka 1979.

Ya mkanda ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Ya gurudumu ina nguvu na uhai katika sauti ambao mimi binafsi naupenda sana, lakini inadai kazi nyingi ya mikono. Ya tatu ikiwa nzima haina usumbufu kabisa. Ikiharibika ubao wake wa umeme, unahitaji kujua elektroniki.

Kabla hujatoa fedha, kagua vitu vinne. Inua sinia: likiwa zito la chuma au alumini ya kumimina, endelea, likiwa bati jepesi lenye mlio wa kopo, achana nayo. Tazama mkono: uwe umenyooka, uwe na jiwe la uzani nyuma linaloweza kusogezwa, na mbele kuwe na mahali pa kufunga katriji ya kawaida yenye matundu mawili yaliyoachana milimita 12.7. Shika mhimili wa sinia uutikise kushoto na kulia. Ukicheza na kugonga, bushi, yaani lile bomba ambamo mhimili huzunguka, imelika. Mwisho, hakikisha vipande vidogo vipo, kama jiwe dogo la uzi wa kuzuia mkono kuvutwa ndani, puli, na kofia ya santuri za mizunguko 45. Mota hupatikana. Vipande hivyo vidogo ndivyo vinavyosumbua kuvitafuta miezi.

Umeme: volti ni nusu ya habari

Usichomeke bado. Soma kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikiandika volti 110 au 120 na ukuta wako unatoa 220 hadi 240, mota itaungua ndani ya dakika chache. Mashine nyingi zina kiunganishi cha kuchagua volti ndani, karibu na mota. Kama hakimo, tafuta transfoma ya kushusha.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hetzi, yaani idadi ya midundo ya umeme kwa sekunde. Mota nyingi za mkanda na za gurudumu hufuata mdundo wa umeme wenyewe, si volti. Transfoma inashusha volti, ila mdundo inauacha vilevile. Mashine ya hetzi 60 ikiwekwa kwenye umeme wa hetzi 50 itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na waimbaji wote watageuka wenye usingizi. Ya hetzi 50 kwenye umeme wa hetzi 60 itazunguka mara 40. Dawa ni kubadilisha puli kwa ile ya hetzi zako, kwa kuwa kipenyo chake ndicho kinachorekebisha tofauti. Lenco haina shida hii, maana kasi yake husogezwa kwa wenzo kuanzia mizunguko 15 hivi hadi 80. Mashine ambazo mota inazungusha sinia moja kwa moja nazo hazijali hetzi. Zinahitaji volti sahihi tu.

Baada ya hapo tafuta kapasita ndogo iliyofungwa sambamba na swichi ya kuwashia. Kazi yake ni kumeza cheche swichi inapozimwa, isisikike "tap" kwenye spika. Zile za zamani za karatasi, hasa zenye ganda la plastiki angavu la rangi ya kahawia, hupasuka nyufa, hunyonya unyevu, na siku moja hulipuka kwa moshi mzito unaonuka. Usiipime wala usiihurumie. Ing'oe na uweke mpya ya thamani ileile iliyoandikwa daraja la X2, lililotengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani. Kapasita ya kawaida haifai hapo hata kama namba zinalingana. Kagua pia waya wa umeme: mpira ukikatika ukiukunja, badilisha wote. Na kila unapoingiza mkono ndani, plagi iwe imetoka ukutani na iko mahali unapoiona.

Kufungua bila kupoteza

Ondoa kwanza sindano, au katriji nzima, ihifadhi kwenye kasha. Toa sinia. Funga mkono kwenye kishikilio chake kwa uzi laini. Kisha geuza mashine juu ya magodoro mawili madogo au taulo zilizokunjwa, ili mkono na mhimili visibebe uzito.

Piga picha kabla ya kila skrubu. Mimi hutumia katoni ya mayai: kila shimo lina skrubu za hatua moja, na ninarudi kinyumenyume wakati wa kufunga. Mashine zinazojiendesha zenyewe, zinazoinua mkono na kuurudisha, zina vyuma na springi ndogo nyingi chini ya sinia, na springi moja ikiruka bila picha inaweza kukumaliza wikendi nzima.

Kwenye mashine za springi kuna skrubu za kusafirishia zinazobana fremu isitikisike njiani. Zisahau zimekazwa na mashine itasikika imekufa, imebanwa, na utalaumu katriji bure.

Beringi ya sinia

Hapa ndipo ukimya unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chini ya sinia kuna mhimili unaoingia kwenye kisima kirefu. Pembeni mwa kisima kuna bushi, mara nyingi za shaba nyeusi, na chini kabisa kuna gololi ya chuma au ncha ya mviringo inayokaa juu ya kibati. Vuta mhimili juu polepole. Ukikataa, hewa ndiyo inayouvuta chini, subiri tu. Ukitoka, tazama mafuta. Yakiwa meusi kama lami au yakiwa gundi ya rangi ya kahawia, umepata chanzo cha ngurumo.

Futa mhimili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa alkoholi ya isopropili. Kisima kifute kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usikijaze kisima kwa petroli, thina au dawa yoyote ya kuyeyusha mafuta. Bushi hizo nyingi ni za unga wa shaba uliobanwa kwa joto, zina vitundu vidogo mno vilivyojaa mafuta tangu kiwandani, na mafuta hayo ndiyo uhai wake. Ukiyanyonya, bushi itabaki kavu hata ukitia mafuta juu juu. Niliwahi kununua mashine iliyooshwa namna hiyo na fundi aliyenitangulia. Ilipiga vizuri wiki mbili, kisha mhimili ukaanza kulia. Niliiokoa kwa kuzitumbukiza bushi kwenye mafuta ya vuguvugu usiku kucha.

Angalia gololi na kibati chake kwa kioo cha kukuzia. Doa dogo linalong'aa mahali pa mguso ni la kawaida. Shimo linaloshika ukucha si la kawaida: badilisha gololi kwa nyingine ya kipenyo kilekile, na kibati kigeuze upande wa pili ikiwa kinageuzika.

Mafuta yawe mepesi, safi, yasiyo na sabuni ndani yake: ya turbaini au ya mota ndogo za umeme, yenye uzito wa ISO VG 32 hadi 68. Oili ya gari imewekewa dawa za kubeba uchafu, si za kazi hii. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu hukauka na kuacha utando, nazo zikae mbali. Tia matone machache, shusha mhimili, uache uzame wenyewe. Ukizama polepole, kwa dakika kadhaa, bushi zako ni nzima. Mafuta yakifurika juu, futa. Rudisha sinia, lizungushe kwa kidole bila mkanda, weka sikio kwenye kasha. Usisikie kitu.

Mota

Mota ya mkanda au ya gurudumu nayo ina bushi mbili, juu na chini. Kama inazunguka kimya na haichelewi kuanza, tone moja la mafuta kila upande latosha. Kama inalia au inasita, ifungue. Weka alama ya kalamu kwenye vifuniko vyote viwili na kwenye mwili wa mota, ili virudi vilivyokuwa. Safisha mhimili, loweka bushi kwenye mafuta yaleyale, na ufungapo kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu huku ukizungusha mhimili kwa vidole. Ukikaza upande mmoja kwanza, bushi zinapinda na mota inashika. Mipira inayobeba mota ikiwa imegeuka plastiki ngumu, badilisha. Ndiyo inayozuia mtikisiko usipande kwenye kasha.

Kwa Technics na nduguze usifungue mota bila sababu. Kwenye SL-1200MK2 sumaku imo chini ya sinia lenyewe, na unga wa chuma ukishikwa na sumaku hiyo hautoki kwa kitambaa. Utoe kwa selotepu, ukibandika na kubandua. Kazi yako kubwa hapo ni swichi na kile kitelezi cha kasi. Kipulizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisogeze mwisho hadi mwisho mara hamsini. Kasi ikibaki inarukaruka, kagua kapasita kubwa za ubao wa umeme, zilizovimba au kuvuja.

Mkanda na gurudumu

Mkanda wa zamani hunyooka, hukakamaa, au huyeyuka kuwa lami iliyoganda kwenye puli. Lami hiyo hutoka kwa alkoholi na subira. Kama hujui kipimo cha mkanda mpya, zungusha uzi njia yote ya mkanda, pima urefu wake, kisha tafuta mkanda ambao mzingo wake bila kuvutwa ni pungufu kwa asilimia 5 hivi. Unene nao una maana, kwa kuwa mkanda mnene kuliko wa asili huongeza kasi kidogo. Osha puli, ukingo wa sinia na mkanda mpya kwa alkoholi, halafu usiuguse kwa vidole vyenye mafuta.

Gurudumu la mpira lina ugonjwa wake. Mashine ikiachwa miaka imewekwa kwenye kasi fulani, puli huchimba bonde dogo kwenye mpira, na bonde hilo husikika kama "dup, dup, dup" isiyokoma. Ukigusa ukingo wa mpira kwa ncha ya kidole ukizungusha, utalihisi. Bonde dogo linaondoka kwa msasa laini: lifunge gurudumu kwenye drili kwa mhimili wake, endesha polepole, gusisha msasa wa namba 400 kwa wepesi, kisha futa. Bonde kubwa, au mpira uliokuwa mgumu kama kwato, hauponi kwa msasa. Agiza gurudumu jipya au lipeleke kuvishwa mpira upya. Tone moja la mafuta kwenye mhimili wa gurudumu, na hata tone moja lisigusane na mpira.

Grisi ya zamani kwenye vyuma vya kujiendesha huwa imeganda kama utomvu. Mashine inayokataa kurudisha mkono mwisho wa santuri mara nyingi haijavunjika, imegandamana. Ondoa grisi yote ya zamani, kisha weka grisi ya lithiamu kiasi cha kichwa cha kiberiti penye msuguano.

Mkono

Sawazisha mkono uelee hewani bila kupanda wala kushuka, na kizuia mvuto wa ndani ukiweke kwenye sifuri. Upulize kwa pumzi nyepesi. Unatakiwa kusogea bila kusita, na kusimama popote bila kurudi mahali pamoja. Ukisita, waya za ndani zimekaza au beringi zina uchafu. Kisha shika ncha ya mbele kwa vidole viwili, isukume na kuivuta taratibu. Ukihisi mgongano mdogo, beringi zimelegea. Kwenye mikono ya skrubu za ncha, kaza kwa sehemu ndogo mno ya mzunguko na upime tena. Afadhali ilegee unywele kuliko ishike.

Lenco L75 ina kasoro inayojulikana na kila aliyeimiliki: vikalio vya mpira ambavyo visu vya mkono hupumzika juu yake huoza vikawa unga. Mkono unalala upande na santuri inaumia. Badilisha vikalio hivyo bila kujadiliana na nafsi, ni kazi ya nusu saa.

Wenzo wa kuinulia mkono ukidondosha sindano kwa kishindo, mafuta yake yamekwisha. Unahitaji mafuta mazito sana ya silikoni, yanayovutika kama asali ya baridi. Mafuta mepesi hayasaidii.

Waya nne za katriji zina rangi zake: nyeupe ni kushoto chanya, buluu ni kushoto hasi, nyekundu ni kulia chanya, kijani ni kulia hasi. Pima kila waya kwa multimita kutoka kwenye kishikio cha katriji hadi kwenye plagi ya mwisho, katriji ikiwa imetolewa. Waya uliokatika ulehemu kwenye kikonyo chake, kile kibanio kidogo kinachovaa pini ya katriji, huku kikonyo kiko hewani. Usilehemu kamwe kikonyo kikiwa kwenye katriji, maana joto hupanda na kuua koili ndani yake.

Springi na usawa

Weka pimamaji juu ya sinia, si juu ya kasha. Kwenye mashine za springi, kaza au legeza nati moja moja mpaka fremu ikae sawa, kisha bonyeza katikati ya sinia uachie. Fremu ipande na kushuka wima kama pistoni. Ikiyumba kama mashua, geuza springi moja kwa robo ya mzunguko na ujaribu tena. Waya unaotoka kwenye mkono nao huvuta fremu upande, upe mkunjo uliolegea. Hii ni kazi ya jioni nzima na hairuhusu haraka.

Kasi

Chapisha sahani ya mistari ya kupimia kasi. Chini ya taa inayopepesa kwa umeme wa hetzi 50, mistari 180 husimama tuli kwenye mizunguko 33⅓. Kwa hetzi 60 ni mistari 216. Taa nyingi za kisasa za LED hazipepesi inavyotakiwa, hivyo utahitaji taa ya kupimia au ile iliyomo kwenye mashine yenyewe. Programu za simu nazo hupima vizuri, ila simu iweke karibu na katikati, maana uzito wake ukikaa pembeni unaliinamisha sinia. Kasi ikizidi kwa asilimia 1, wimbo unapanda karibu sehemu moja ya sita ya nusu toni. Watu wengi hawatalijua hilo. Kuyumba kwa mwendo ndiko kunakoudhi kila sikio, hasa kwenye noti ndefu ya piano.

Katriji: mahali pa kutumia fedha

Sasa mashine imetulia, na hapa ndipo uboreshaji wa kweli unapoanza. Hakuna badiliko lingine linalobadilisha sauti kama sindano.

Kabla ya kuchagua, ulinganishe uzito wa mkono unaohisiwa na sindano na ulaini wa kining'inizi cha sindano, kile kipande laini kinachoiacha icheze; namba zote mbili zitafute kwenye maelezo ya watengenezaji. Viwili hivi vina mtetemo wao wa asili, nao uwe kati ya hetzi 8 na 12: juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda, chini ya muziki. Hesabu yake ni 159 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha (uzito wote kwa gramu × ulaini). Mkono wa gramu 12, katriji ya 6.5 na skrubu za nusu gramu ni 19. Kwa ulaini 12 unapata hetzi 10.5, nzuri kabisa. Kwa ulaini 30 unapata 6.7, na kila santuri iliyopinda itarusha mkono. Watengenezaji wa Japani mara nyingi hupima ulaini kwa hetzi 100. Namba yao izidishe kwa kama moja na nusu hadi mbili kabla ya kuitumia.

Kwa mikono mingi ya miaka ya 1970 na kuendelea, Audio-Technica AT-VM95E (gramu 6.1, nguvu ya sindano gramu 2.0) au Ortofon 2M Red (gramu 7.2, nguvu gramu 1.8) ni mwanzo salama. Uzuri wake ni kwamba mwili hubaki na sindano hubadilishwa: leo duaradufu, kesho, kwa VM95, ile nyembamba zaidi ya Microline au Shibata, ambayo husoma mfereji kwa kina. Ukipiga santuri za shelaki za mizunguko 78, tumia sindano yake maalumu yenye ncha ya maikromita 76 hivi, mara tatu hadi nne ya ile ya LP, santuri ya kawaida ya mizunguko 33⅓. Na santuri hizo usizisafishe kwa alkoholi, kwa sababu inayeyusha shelaki.

Upangaji ufuate mpangilio huu. Funga katriji kwa skrubu bila kukaza sana. Weka uzito wa sindano (ile nguvu niliyoitaja juu) kwa mizani ndogo ya kidijitali, ukipima kwenye kimo cha santuri. Kizuia mvuto kiwe sifuri. Tumia karatasi ya kupangia yenye nukta mbili za milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati ya mhimili, na kabla ya kuiamini ipime kwa rula, maana printa nyingi hupunguza ukubwa. Kwenye nukta zote mbili, kijiti kinachobeba sindano kiwe sambamba na mistari. Tazama kijiti, si ganda la katriji, kwa kuwa si mara zote vimenyooka pamoja. Kisha mkono uwe sambamba na santuri ukitazamwa kutoka pembeni, na sindano isimame wima ukiitazama kwa mbele juu ya kioo kidogo. Kimo kikibadilika, rudi upime nukta tena. Mwisho weka kizuia mvuto kwenye namba ileile ya uzito wa sindano, halafu rekebisha kwa sikio.

Mvumo, kebo na kikuza

Mvumo mzito wa "mmm" kwa kawaida ni waya wa ethi. Uende kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya au ya kikuza cha fono (kifaa kinachokuza mawimbi dhaifu ya katriji kabla ya amplifaya), na mkono, fremu na mota viwe vimeunganishwa nao. Kama mvumo unakuja upande mmoja tu, tafuta kikonyo kilicholegea kwenye katriji.

Kebo za zamani zenye kutu badilisha, lakini usitafute miujiza. Kwa katriji ya sumaku inayosogea, kama hizo mbili nilizozitaja, kinachohitajika ni kebo fupi yenye kapasitansi ndogo, yaani isiyohifadhi chaji nyingi. Jumla ya waya za mkono, kebo na mlango wa kikuza izingatie maelezo ya katriji: pikofaradi 100 hadi 200 kwa VM95, 150 hadi 300 kwa 2M. Ikizidi, sauti za juu huwa kali na kupotea mapema. Mzigo wa kawaida wa mlango wa kikuza ni kilo-ohmu 47. Kikuza cha fono kinapaswa pia kufuata mkunjo wa RIAA, ule unaorudisha besi zilizopunguzwa na kushusha sauti za juu zilizoongezwa wakati santuri ikichongwa; umekuwa kanuni tangu katikati ya miaka ya 1950. Usichomeke gramafoni kwenye mlango wa CD. Sauti itakuwa nyembamba na ya mbali.

Mengine yafuate baadaye: mkeka mzuri wa mpira au wa ngozi badala ya uliokakamaa, kasha zito kwa mashine za gurudumu, kidhibiti cha umeme wa mota kinachotengeneza mdundo wake safi. Mashine za springi usiziwekee miguu laini ya mpira juu ya springi; laini juu ya laini huleta kuyumba. Ziweke kwenye rafu nyepesi iliyofungwa ukutani, na hatua za watu sakafuni hazitazifikia. Mkono usiubadilishe mpaka umejua vyema kilichomo kwenye ule ulio nao.

Jaribio la mwisho

Chagua santuri safi yenye sauti ya mwanamke, na usikilize wimbo wa mwisho, ule ulio karibu na kibandiko. Ukingoni mwa LP, mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na katikati hubaki 21. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo kosa la upangaji lililofichika mwanzo wa santuri hutokea hapo: herufi "s" inachubuka, vinanda vinakwaruza. Kama kuchubuka kunatoka kulia zaidi, ongeza kizuia mvuto kidogo. Kama kunatoka kushoto, punguza. Kama kunatoka kote kwa usawa, rudi kwenye zile nukta mbili.

Baada ya saa 30 za kupiga, kining'inizi cha sindano kitakuwa kimelainika. Pima tena uzito, kimo na nukta, na utie tone la mafuta kwenye mota wakati sinia limeshatoka.